Mkanda wa McPherson: filamu ya dola 6,500 iliyoaminiwa kuwa ushahidi

Kila baada ya muda kipande kilekile cha video huibuka tena mitandaoni. Picha ni mbovu, rangi zimefifia, sauti inakwaruza. Familia ya Kimarekani imejifungia ndani ya nyumba, taa zimezimika, aliyeshika kamera anahema kama katoka mbioni, na huko nje kuna vitu vyenye vichwa vikubwa na macho meusi. Maelezo yanayoambatana nacho karibu hayabadiliki: huu ni mkanda halisi wa mwaka 1983, familia nzima ilitekwa na viumbe kutoka sayari nyingine, serikali ikaficha kila kitu. Chini yake ubishi unaanza. Huyu anaapa kwamba ni kweli tupu. Yule anasema ni filamu ya televisheni ya mwaka 1998, tena aliitazama mwenyewe. Wa tatu anauliza kama si ile filamu ya vijana waliopotelea msituni.

Video hiyo ni filamu ya kubuni. Jina lake la asili ni UFO Abduction, muongozaji wake ni Mmarekani Dean Alioto, ilitoka mwaka 1989, na bajeti yake yote ilikuwa dola 6,500. Hakuna familia iliyotoweka. Waliomo ni waigizaji, na kijana anayeshika kamera ni Alioto mwenyewe. Jina The McPherson Tape, yaani mkanda wa McPherson, lilipachikwa baadaye, na namna lilivyopachikwa ndiyo inayowavuruga watu hadi leo.

Kwangu swali kubwa linaanzia hapo. Kazi ya bei hiyo iliwezaje kuwashawishi watu wazima, wakiwemo waliotumia miaka kuchunguza habari za vyombo visivyotambulika angani, kwamba wanatazama ushahidi? Nikiitazama upya naona kwamba picha zake peke yake zisingeweza. Kilichowashawishi ni njia ambayo mkanda ulipitia hadi kuwafikia.

Mkanda uliookotwa ni nini

Filamu za mkanda uliookotwa ni filamu za kubuni zinazojifanya si filamu. Dai lake ni kwamba picha unazotazama zilipigwa na wahusika wenyewe, kisha wahusika wakafa au wakapotea, na mtu mwingine akaukuta mkanda wao. Humo hamna msimulizi, wala muziki wa kukuambia sasa uogope. Hamna picha ambayo hakuna mhusika aliyekuwepo kuipiga: ukimwona mtu akilia peke yake chumbani, lazima kamera iwe imo chumbani humo, na lazima ipatikane sababu ya kuwa humo. Kwa hiyo kamera kutikisika peke yake hakutoshi. Filamu nyingi za vita na za mapigano hutikisa kamera, lakini hakuna anayedai kwamba askari ndiye aliyekuwa akipiga.

Aina hii huchanganywa na jirani yake, filamu inayoiga kipindi cha uchunguzi, yenye mahojiano, ramani, sauti nzito ya mtangazaji na mtaalamu aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu. Zinaweza kukutana ndani ya filamu moja, ila kila moja inakuomba kitu tofauti. Kipindi cha uchunguzi cha uongo kinakuomba uamini mamlaka ya wanaozungumza. Mkanda uliookotwa unakuomba uamini macho yako mwenyewe, na ndiyo maana ukikudanganya unaumia zaidi.

Wengi wanaamini mambo haya yalianza mwaka 1999 na The Blair Witch Project, ile filamu ya vijana waliopotelea msituni, kazi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Hapana. Tangu mwaka 1980 Mwitaliano Ruggero Deodato alikuwa ametoa Cannibal Holocaust, ambamo profesa anakwenda msituni Amerika ya Kusini kutafuta mikanda ya filamu ya kundi lililopotea. Waigizaji walikuwa wamekubali kujificha wasionekane hadharani kwa mwaka mmoja, na matokeo yake vyombo vya sheria vya Italia vikamshuku Deodato kwamba aliwaua kweli. Ilibidi waigizaji wajitokeze wakiwa hai. Hapa pia uvumi umechanganya mambo mawili: hakuna binadamu aliyeuawa katika filamu hiyo, lakini wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera, na hilo limebaki doa ambalo sifa yoyote ya ubunifu haiwezi kulifuta.

Hata hivyo kwa Deodato mikanda iliyookotwa ni sehemu tu ya hadithi. Nje yake kuna filamu ya kawaida yenye profesa, ofisi na mikutano. Alioto alikwenda mbali zaidi. Filamu yake yote, mwanzo hadi mwisho, ni mkanda mmoja wa nyumbani wenye urefu wa dakika 66, nao haukupigwa na kundi la wapiga picha wa kazi. Ulipigwa na kijana aliyenunua kamera mpya.

Kamera ilipoingia sebuleni

Kwa nini hadithi imewekwa mwaka 1983? Mwaka huo ndipo Sony ilipotoa Betamovie, kamera ya nyumbani iliyokuwa na kinasa picha ndani yake. Kabla ya hapo aliyetaka kupiga video nyumbani alibeba kamera mkono mmoja na mashine ya kunasia begani, zikiunganishwa kwa waya. Wengi walitumia filamu ndogo za Super 8, ambazo kaseti yake moja ilidumu kama dakika tatu. Kwa dakika tatu unachagua: mtoto anapuliza mishumaa, bibi anatabasamu, basi. Mkanda wa video uliweza kuzunguka kwa saa nzima na zaidi. Kwa mara ya kwanza familia ya kawaida iliweza kurekodi muda ambao hakuna la maana linalotokea.

Muda huo wa bure ndio mtaji wa filamu ya Alioto. Ni majira ya vuli huko Connecticut, na familia ya Van Heese imekusanyika kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Michelle, mtoto wa miaka mitano. Yupo mama wa nyumba, wapo wanawe watatu, Eric, Jason na Michael, yupo mke wa Eric na mpenzi wa Jason. Michael ndiye mwenye kamera, na kila mtu amechoka naye. Wanaongea wote kwa pamoja. Sentensi zinakatwa katikati, utani unarudiwa, mtu anauliza jambo na hakuna anayemjibu kwa sababu mwingine kaanza habari yake. Kwa mtazamaji aliyezoea filamu ambamo kila mhusika husubiri zamu yake, dakika hizi za mwanzo zinaweza kukera. Mimi nazihesabu kuwa sehemu bora kuliko zote. Zilitokana na waigizaji kuachiwa wabuni maneno yao wenyewe badala ya kukariri muswada, na ndizo zinazoifanya familia hii iwe familia.

Umeme unakatika. Ndugu watatu wanatoka nje kuangalia, wanaona mwanga mwekundu, wanaufuata, na gizani wanakuta chombo kimetua na viumbe wakitembea kando yake. Wanarudi mbio. Kuanzia hapo nyumba inafungwa, bunduki zinatolewa, wanawake wanauliza kuna nini na wanajibiwa nusu nusu. Kiumbe mmoja anapigwa risasi. Na katikati ya taharuki hiyo, familia inakaa kucheza karata.

Nikisoma watu wanavyoilalamikia filamu hii, karata hizo hutajwa kama upuuzi: nani anacheza karata wakati wa balaa? Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka mitano yumo ndani ya nyumba hiyo. Watu wazima wenye hofu mbele ya mtoto hutafuta jambo la kawaida la kufanya kwa mikono yao. Nimekaa matangani na kwenye korido za hospitali vya kutosha kujua kwamba binadamu hawapigi mayowe saa nzima. Wanapika chai, wanazozana kuhusu jambo dogo, wanacheka mahali pasipofaa, kisha hofu inarudi. Alioto alilielewa hilo kuliko waongozaji wengi wenye bajeti mara elfu ya yake.

Lipo pia lile swali linaloulizwa kwa kila filamu ya aina hii: kwa nini mtu haiweki kamera chini akimbie? Hapa jibu ni jepesi na linaaminika. Michael ni yule ndugu mdogo ambaye hakuna anayempa kazi ya maana. Wakubwa wameshika bunduki, yeye ameshika kamera. Wanamkemea aizime, anaizima kidogo, anaiwasha tena.

Moto, kopi na majina yaliyokatwa

Sasa tufike kwenye njia ya mkanda. Filamu ilipata msambazaji wa soko la video la nyumbani, na nakala kadhaa zikaanza kupelekwa kwenye maduka. Kabla biashara haijasimama, ghala la msambazaji likaungua na mali yote iliyokuwamo ikateketea. Kwa hesabu za kawaida filamu ilikufa hapo. Ila zile nakala chache zilizokuwa zimeshatoka zikaanza kunakiliwa na watu binafsi, deki moja hadi nyingine, na katika safari hiyo majina ya waigizaji na mafundi yanayopita mwishoni yakakatika. Hilo si jambo gumu hata kidogo: mwenye deki mbili anabonyeza kitufe cha kusimamisha dakika moja mapema, na filamu inakuwa haina mwenyewe.

Kunakili mkanda wa zamani si sawa na kunakili faili la kompyuta, ambalo nakala yake ya elfu moja inalingana na ya kwanza. Fikiria cheti cha kuzaliwa kilichopigwa kopi, kisha kopi ikapigwa kopi, na hiyo nayo ikapigwa tena: herufi zinavimba, mhuri unageuka doa, sura kwenye picha inabaki kivuli. Mkanda wa VHS ulikuwa hivyo. Tangu nakala ya kwanza picha yake ilikuwa na ukali mdogo kuliko matangazo ya televisheni ya wakati wake, na kila kizazi cha nakala kilipunguza ukali huo zaidi, kikaongeza chembechembe, kikayumbisha rangi.

Kwa filamu nyingine hasara hiyo ni msiba. Kwa hii ilikuwa neema. Viumbe wa Alioto ni watu wadogo wa kimo waliovalishwa vinyago, na vinyago vya bajeti hiyo havivumilii kutazamwa kwa karibu. Baada ya kizazi cha nne au cha tano cha nakala, mshono wa kinyago haupo tena. Vimebaki kichwa, macho na mwendo, na akili ya mtazamaji inajaza mengine. Kasoro ya mkanda ikawa ufundi wa filamu.

Ukasafiri ukiwa hivyo, bila jalada, bila jina, bila majina mwishoni, mpaka kwenye mikono ya watu waliokuwa wakiusubiri bila kujua. Tangu Betty na Barney Hill wa New Hampshire waliposema kwamba mwaka 1961 walichukuliwa na viumbe barabarani usiku, habari za kutekwa zilikuwa zimejijengea msamiati wake. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limechunguza ripoti za vyombo visivyotambulika chini ya mradi ulioitwa Blue Book, ambao ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na ripoti 12,618. Kati ya hizo, 701 ziliachwa bila maelezo. Hizo 701 hazikuthibitisha chochote, ziliachwa tu bila jibu, lakini kwa anayeamini kwamba serikali inaficha jambo, nafasi iliyoachwa wazi inatosha. Mwaka 1987 kitabu cha Whitley Strieber kuhusu kutekwa kwake kiliuzwa sana, na jalada lake liliipeleka sura ya kiumbe yenye macho makubwa meusi hadi madukani. Kwa hiyo mkanda wa Alioto ulipoanza kuzunguka, watazamaji wake walishaijua sura ya mtekaji. Waliitambua, na wakahesabu kuitambua huko kuwa ni uthibitisho.

Mambo yalifika mahali ambapo kipindi cha Encounters cha televisheni ya Fox kiliujadili mkanda huo, na Alioto akalazimika kujitokeza kueleza kwamba ni kazi yake. Wapo walioendelea kuamini hata baada ya hapo. Ukitazama kwa makini utaona kwa nini kukanusha hakufui dafu: kwa aliyekwisha kuamini kwamba ukweli unafichwa, mtu anayejitokeza kusema "ni mimi niliyetengeneza" anaonekana kuwa sehemu ya kuficha. Hiyo ni imani isiyo na mlango wa kutokea, na filamu haikuijenga. Iliikuta.

Jina la McPherson lilitoka wapi

Hapa ndipo yule wa pili kwenye ubishi, anayekumbuka filamu ya televisheni, ana haki yake. Tarehe 20 Januari 1998 televisheni ya UPN ya Marekani ilirusha Alien Abduction: Incident in Lake County. Ni hadithi ileile ikitengenezwa upya na Alioto huyohuyo, safari hii akiwa na fedha za kampuni ya vipindi vya televisheni ya Dick Clark. Familia imebadilishwa jina, sasa inaitwa McPherson. Sherehe si ya kuzaliwa tena, ni mlo wa Sikukuu ya Shukrani, na mahali ni Lake County, Montana. Kijana mwenye kamera anaitwa Tommy. Tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba kati ya vipande vya mkanda wamepachikwa wataalamu wanaohojiwa, wakijadili kama picha ni za kweli.

Watazamaji wa 1998 waliposikia kwamba kulikuwa na mkanda wa zamani zaidi, wakaurudishia jina la familia waliyoijua. Hivyo mkanda wa akina Van Heese ukaitwa wa akina McPherson, na kuanzia hapo filamu mbili zikawa moja midomoni mwa watu. Anayesema "ilikuwa 1983" anataja mwaka wa hadithi. Anayesema "1989" anataja mwaka filamu ilipotoka. Anayesema "1998" anazungumzia filamu nyingine. Ukilijua hilo tu, nusu ya ubishi wa mitandaoni unakwisha.

Kati ya hizo mbili naipenda ya kwanza, na sababu ni wale wataalamu. Hofu inapoanza kupanda, ya 1998 inakukatisha ili mtu aliyekaa kitini akueleze unachoona. Ya 1989 inakuacha na watu wale ndani ya nyumba ile, huna pa kwenda.

Je, majina mwishoni yangetosha?

Mtu anaweza kusema: basi tatizo lote ni majina yaliyokatwa, yangebaki, hakuna ambaye angedanganyika. Mambo si mepesi hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilirusha Ghostwatch, mchezo ulioandikwa na Stephen Volk na kuongozwa na Lesley Manning, uliojifanya ni matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mzimu. Majina ya waigizaji yalichapishwa kwenye gazeti la ratiba, na mchezo ulikuwa katika nafasi ya tamthilia. Taarifa zote zilikuwepo. Hata hivyo watu wengi waliamini, kwa sababu aliyekaa studioni alikuwa Michael Parkinson, mtangazaji halisi waliyemzoea kwa miaka, na kwa sababu aliyewasha televisheni katikati hakusoma ratiba. Simu zilimiminika, lawama zikafuata, na BBC haikuurudia tena. Kwa hiyo hata taarifa sahihi ikiwepo haifanyi kazi kama haisafiri pamoja na picha.

Kinyume chake kilitokea mwaka 1999, na hapa ndipo wa tatu kwenye ubishi anapoingia. Kwa Alioto, kupotea kwa majina ilikuwa ajali. Kwa The Blair Witch Project ilikuwa mpango. Filamu ilipigwa kwa siku nane mwezi Oktoba 1997 huko Maryland, waigizaji watatu wakibeba kamera wenyewe na kutumia majina yao halisi. Waliachiwa maelekezo kwenye makontena madogo msituni, chakula kikipunguzwa kadiri siku zinavyokwenda. Kisha ikajengwa tovuti yenye nyaraka za kubuni, matangazo ya watu waliopotea yakabandikwa, na kwenye hifadhidata ya filamu ya IMDb waigizaji wakaandikwa kwamba hawajulikani walipo, yaelekea wamekufa. Waigizaji wenyewe waliwekwa kando wasionekane. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 1999, kampuni ya Artisan ikainunua kwa dola milioni 1.1, na duniani kote ikaingiza karibu dola milioni 248.

Ninaipenda filamu hiyo na bado nasema bei yake haikulipwa na walioipangia mkakati. Mama wa Heather Donahue, mwigizaji mkuu, alipokea kadi za rambirambi huku mwanawe yu hai. Waigizaji waliojibunia maneno yao na kupiga picha kwa mikono yao walipata sehemu ndogo mno ya faida, na mwaka 2024 walitoa barua ya wazi wakidai malipo ya haki. Tunaposifu ujanja wa kuwafanya waonekane wafu, tusisahau kwamba mtu aliyetangazwa amekufa hawezi kwenda kwenye mahojiano akatafuta kazi nyingine.

Kuna dhana nyingine inayofaa kuondolewa papo hapo: kwamba filamu hizi ni rahisi, kamera na ndugu watatu vinatosha. Gharama ni ndogo kweli. Mwaka 1998 Stefan Avalos na Lance Weiler walitengeneza The Last Broadcast kwa kiasi cha dola 900, wakaihariri kwa kompyuta ya mezani na kuirusha kwa setelaiti hadi kumbi za sinema za miji mitano ya Marekani. Lakini fedha ndogo haimaanishi kazi ndogo. Kumfanya mwigizaji akatishe maneno ya mwenzake kwa wakati unaofaa, mwanga uangukie mahali unapotakiwa huku ukionekana umeanguka bahati mbaya, na kamera ikose kuonyesha kitu kwa namna inayoaminika, ni ufundi mgumu. Kwa kila filamu ya aina hii iliyofaulu zipo nyingi zisizotazamika.

Kuitazama leo

Mkanda wa 1989 hatimaye umetolewa upya kwa heshima. American Genre Film Archive, hifadhi ya filamu isiyo ya kibiashara, ikishirikiana na Bleeding Skull, tovuti ya filamu za kutisha zisizojulikana sana, imeutoa kwenye diski ukiwa umechukuliwa kutoka kwenye mkanda wa asili wa upana wa robo tatu inchi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida anaweza kuuona jinsi Alioto alivyouona alipomaliza kazi.

Picha iliyo wazi zaidi inaleta hasara na faida. Hasara ni vinyago: sasa unaona kwamba ni vinyago. Faida ni nyuso za binadamu. Katika nakala chafu wale watu mezani walikuwa vivuli vinavyopiga kelele. Katika hii unamwona mama wa nyumba akijilazimisha kutabasamu kwa mjukuu, unaona jinsi ndugu wawili wakubwa wanavyotazamana kabla ya kuamua kusema uongo. Kwa maoni yangu faida ni kubwa. Ushahidi wa uongo umepungua nguvu, tamthilia ya familia imeongezeka. The Blair Witch Project nayo imepata nafasi kama hiyo: mwaka 2024 kampuni ya Uingereza Second Sight ilitoa nakala iliyorejeshwa kutoka kwenye mikanda na filamu za awali, badala ya ile iliyopitishwa kwenye filamu ya sinema ya milimita 35 na kubadilika mwanga na rangi.

Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam au Mombasa hawahitaji kuelezwa mengi kuhusu mkanda usio na jalada. Wengi tulitazama filamu bila kujua jina lake wala nani kaitengeneza, na majina ya mwishoni yalikuwa ishara ya kuinuka kwenye benchi. Leo kazi ya deki mbili imechukuliwa na simu. Kipande cha dakika moja kinakatwa kutoka katikati ya filamu, kinapewa maandishi mapya juu yake, kinatumwa WhatsApp, na kikifika kwako kimeandikwa tu kwamba kimesambazwa mara nyingi. Mwaka 1995 Fox ilirusha picha zilizodaiwa kuwa za upasuaji wa maiti ya kiumbe wa Roswell, mji wa Marekani ambako inadaiwa chombo cha viumbe wa angani kilianguka mwaka 1947. Ray Santilli, Mwingereza aliyezileta, alikiri mwaka 2006 kwamba zilitengenezwa, akidai ziliiga filamu halisi aliyoiona. Miaka yote hiyo kumi na moja, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya damu, viungo na mikasi inayoonekana kwenye picha. Swali la nani alipiga, lini, kwa kamera gani na mkanda wa asili uko wapi, ambalo lingefaa kuwa la kwanza, lilibaki pembeni.

Maswali ya aina hiyo yanatosha kwa kipande cha Van Heese kikikufikia kesho: aliyepiga ni Dean Alioto, akiigiza Michael; kilitolewa 1989, hadithi ikiwekwa 1983; mkanda wake wa asili upo na umeshanakiliwa kwenye diski. Anayetaka kuitazama filamu yenyewe aanze na hiyo ya 1989, kisha ya 1998 akitaka kulinganisha. Aitazame nzima, kwa sababu vipande vinavyozunguka huanzia kwenye mwanga mwekundu na kuiacha sherehe nje, na bila sherehe huna sababu ya kuwahofia watu wale. Na atumie spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, maana katika nyumba isiyo na umeme sehemu kubwa ya yanayotokea inasikika tu.